Saa moja hadi saa moja: kuzipa seli usiku wa kujisafisha, kwa mwenye kisukari Tabora

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu: funga siku tatu kwa maji matupu, seli zitakula uchafu wake zenyewe, kisukari kitaondoka. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo nusu inayoponza watu. Seli kweli hujisafisha kwa kula sehemu zake zilizochakaa. Kazi hiyo huitwa autofajia, na kisukari huivuruga. Lakini mtu aliyemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, kisha akashinda na maji hadi jioni, anaweza kuokotwa amezimia kabla seli haijafagia chochote cha maana.

Mwongozo huu wa kukaa bila kula kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi ni wa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, mwenye kadi ya kliniki na dawa kabatini, anayekula ugali na matembele kama jirani zake. Hauhitaji kununua kitu, isipokuwa mashine ya kupimia sukari kama huna.

Fundi aliye ndani ya seli

Mtazame fundi baiskeli anapoletewa baiskeli kuukuu, rimu imepinda na fremu imekatika. Haitupi. Anaifungua, spoki nzima anaziweka huku, nati huku, beringi huku, na kesho vitu hivyohivyo vinaingia kwenye baiskeli nyingine. Ndani ya seli, utando mwembamba hujikunja kuzizunguka protini zilizoharibika au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) iliyochoka, ukajifunga kuwa mfuko wenye kuta mbili. Mfuko huo ni autofagosomu. Huungana na lisosomu, kijifuko chenye asidi na vimeng'enya, yaliyomo yakameng'enywa, na asidi amino zinazopatikana hujengea protini mpya. Jina la kazi hii lilitolewa na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1963. Jeni zinazoiendesha zilifumbuliwa na Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyetuzwa Nobeli ya tiba mwaka 2016, naye alizipata akichunguza hamira, hiyohiyo inayoumua maandazi.

Fundi huyu ana wakubwa wawili. Wa kwanza ni protini iitwayo mTOR. Ukishiba, insulini na asidi amino zikiwa nyingi kwenye damu, mTOR husimamisha ufunguaji na kuamuru ujenzi. Wa pili ni AMPK, anayeamka nishati inapopungua: usiku umekaa bila kula, au msuli unafanya kazi. AMPK humnyamazisha mTOR, fundi akashika spana. Siku yenye afya ina zamu zote mbili. Mtu anayekunywa chai ya sukari saa moja, kitumbua saa nne, ugali saa saba, soda saa kumi, kisha wali saa tatu usiku, ana zamu moja tu.

Kwenye kisukari cha aina ya pili kasoro hiyo hujirudia kila siku kwa miaka. Mwanzoni mwa ugonjwa mwili huwa umekuwa sugu kwa insulini, kongosho likatoa nyingi zaidi kufidia, mTOR akakosa kupumzika. Seli beta, zinazotengeneza insulini, ndizo zinazofanya kazi ya ziada na ndizo zinazohitaji usafi kuliko jirani zake. Panya walioondolewa jeni ya Atg7, mojawapo ya jeni za autofajia, kwenye seli hizo tu walipungukiwa insulini na sukari yao ikapanda. Kwa binadamu, kongosho la mwenye aina ya pili mara nyingi hukutwa na mabonge ya amiloidi, yanayotokana na protini inayotoka pamoja na insulini. Autofajia ni njia mojawapo ya seli beta kuyaondoa kabla hayajaziua.

Madhara ya kisukari nayo yanapitia humohumo. Kwenye chujio la figo kuna seli zenye vidole vinavyoshikana kama vya mkeka, huitwa podosaiti. Seli hizi hazigawanyiki kirahisi, kwa hiyo haziishi kwa kuzaliwa upya, zinaishi kwa kukarabatiwa. Sukari ikikaa juu muda mrefu mTOR huzidi nguvu ndani yake, ukarabati hupungua, vidole huachia, na albumini, protini ya damu, huvuja kwenye mkojo. Neva za miguu, ambazo ni ndefu kuliko zote mwilini, hubaki na mitokondria mbovu zisizoondolewa, ndipo ganzi na moto wa nyayo huanza. Retina, utando wa nyuma ya jicho, na moyo vina hadithi inayofanana, ila kwenye moyo kuna tahadhari: autofajia ikizidi nayo huua seli. Kinachotafutwa ni mpangilio wa zamu. Anayetaka fundi afungue baiskeli mchana na usiku atabaki bila baiskeli.

Hapa inabidi kusema wazi: sehemu kubwa ya haya imeonekana kwa panya na kwenye seli za maabara. Panya akinyimwa chakula siku moja hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, jambo lisilomtokea mtu, kwa hiyo saa zake haziwezi kunakiliwa kwenye saa zako. Wala hakuna kipimo cha damu cha kliniki kinachoonyesha autofajia yako imefika ngapi. Anayekuambia amekupimia anauza kitu.

Na si kila kinachozuia autofajia hupandisha sukari. Wenye umri wanaikumbuka klorokwini, ile chungu iliyowasha mwili, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001. Maabara huitumia hadi leo kuzuia autofajia, maana huharibu asidi ya lisosomu. Lakini ndugu yake, haidroksiklorokwini, hushusha sukari, na India imeiruhusu kwa wenye kisukari. Basi usimfuate anayekuchorea mshale mmoja kutoka autofajia hadi uponyaji.

Utakachopima wewe ni sukari, uzito, presha na mkojo.

Wasiopaswa kujaribu kabisa

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha. Aliyezimia kwa sukari kushuka miezi ya karibuni, au asiyehisi dalili inaposhuka. Mwenye figo zilizochoka sana, kidonda cha mguu ambacho hakijafunga, homa au malaria. Mzee anayelala peke yake nyumbani. Mtu mwembamba ambaye nguo zinazidi kumpwaya: huyo hahitaji saa za njaa, anahitaji kupimwa, na akiwa na kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi, kwa sababu kisukari na kifua kikuu hutembea pamoja.

Waliobaki waanze na wiki moja ya kupima bila kubadilisha kitu. Kila siku pima mara tatu: ukiamka kabla ya kula, saa mbili baada ya mlo mkubwa, na kabla ya kulala. Andika kwenye daftari namba, saa, na ulichokula. Kama stripu ni chache, pima siku tatu za wiki lakini siku hiyo uzipime zote tatu. Namba moja ya asubuhi peke yake haisemi chochote kuhusu wali wa jana.

Kosa la kupima linalojitokeza sana kwetu ni la embe. Mtu amemenya embe, amejifuta kwa kitambaa, amejitoboa, mashine inaandika 17 (kwa mmol/L, kama namba zote za sukari humu). Ni sukari ya kwenye ngozi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri, kisha jitoboe pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati ndiyo unayoshikia kila kitu na itauma siku nzima. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja. Joto na unyevu huziharibu hata kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mashine ikiandika HI (juu mno) au LO (chini mno), usirudie mara tano ukitumaini itabadilika: nawa, rudia mara moja, kisha chukua hatua.

Asubuhi kabla ya kula wengi hulenga 4.4 hadi 7.2, na saa mbili baada ya mlo chini ya 10. Daktari anaweza kumlegezea mzee namba hizo, na afanye hivyo.

Saa moja hadi saa moja

Mpango wenyewe hauna mbwembwe. Maliza chakula cha jioni saa moja, kifungue kinywa saa moja asubuhi. Katikati kunywa maji, au chai ya rangi isiyo na sukari wala maziwa. Ni saa kumi na mbili, na nyingi unazilala.

Kama sasa unakula saa tatu usiku na chai saa kumi na mbili asubuhi, usiruke siku moja. Vuta mlo wa jioni nyuma kwa nusu saa kila baada ya siku nne. Tabora jua huzama karibu na saa moja, kwa hiyo anayepika kwa mkaa akichochea jiko saa kumi na moja atakuwa na ugali mezani kabla giza halijaingia. Ugumu uko kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku. Huyo ale mlo mkubwa mchana, jioni ale mboga, maharage na kipande cha samaki bila ugali, na ahesabu saa zake kuanzia hapo.

Baada ya mwezi, kama sukari haijawahi kushuka chini ya 3.9 na hutumii insulini wala glibenklamidi, unaweza kuongeza hadi saa kumi na nne kwa kusogeza kifungua kinywa saa tatu. Hatushauri kupita hapo nyumbani. Faida ya ziada haijulikani kwa watu, hatari yake inajulikana vizuri. Na ukiweza kuchagua kati ya kusogeza kifungua kinywa mbele na kuvuta chakula cha jioni nyuma, vuta cha jioni: insulini hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, na sahani ileile ya wali hupandisha sukari zaidi ikiliwa saa tatu usiku.

Sasa mchana. Milo mitatu, au miwili na matunda, bila kutafunatafuna katikati. Hili ndilo gumu, maana karanga za kukaanga huuzwa kila kona na chai ya saa nne ofisini ni kama ibada. Chai unywe, sukari iache. Karanga, kiganja kimoja, zile pamoja na mlo badala ya kuzifanya kazi ya mchana kutwa.

Sahani na mambo ya Tabora

Nusu ya sahani iwe majani: matembele, kisamvu, mgagani, mlenda, mchicha. Robo iwe maharage, choroko, samaki, kuku au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au viazi, na ugali usizidi ngumi yako mwenyewe iliyofumbwa. Dagaa na migebuka wanaokuja kwa treni kutoka Kigoma ni protini nzuri, ila waliokaushwa kwa chumvi waoshe mara mbili, presha ikiwa juu. Mafuta, kijiko kimoja kikubwa kwa mlaji mmoja.

Usipunguze protini kwa sababu umesikia asidi amino zinamwasha mTOR. Zinamwasha, na inatakiwa awake baada ya mlo, ndipo msuli ujengwe. Mzee anayekula ugali na mlenda tu ili "autofajia iende" anapoteza misuli, na msuli ndio ghala kubwa la sukari mwilini. Mwenye figo zilizoanza kuvuja aulize kliniki kiasi chake, asijipangie.

Asali. Hapa ni nyumbani kwake, na imani kwamba asali si sukari ina mizizi mirefu kuliko mti wa mzinga. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina karibu gramu 17 za sukari, sawa na vijiko vinne vidogo vya sukari ya dukani. Iwe ya Sikonge au ya Urambo, ya nyuki wakubwa au wadogo, mashine ya kupimia itaiona. Lakini usiitoe ndani ya nyumba. Kijiko hichohicho kimoja ndicho kipimo halisi cha kumwokoa mtu ambaye sukari imemshuka, na hilo tutalirudia.

Matobolwa na michembe ni viazi vitamu vilivyotolewa maji. Kiganja kimoja cha matobolwa ni kiazi kizima kilichojikunja, na kwa kuwa hutafunwa kidogokidogo, mtu humaliza viazi vitatu akidhani hajala. Pima vikiwa vikavu, kiganja kimoja, na kihesabiwe kama ugali wa mlo huo. Embe la wastani lina sukari karibu gramu 28 hadi 30: nusu yake mara moja kwa siku, baada ya chakula, na si juisi.

Uyoga wa porini unaotoka masika una spermidini, kemikali iliyoonekana kuamsha autofajia kwenye hamira, inzi na panya. Kula kama mboga kwa sababu una wanga kidogo na ni mtamu. Usiugeuze kuwa unga wa dawa, na usioujua uache hukohuko chini ya mti.

Miguu iende

Msuli ukikunjwa huwasha AMPK wenyewe na kuvuta sukari hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri. Kwa kumwamsha AMPK hakuna njia ya bei nafuu zaidi. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, mfano dakika 30 kwa siku tano, mwendo wa kukufanya uongee lakini ushindwe kuimba. Usipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea, kwa kuwa faida kwenye insulini huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Baiskeli inahesabika. Kulima kunahesabika, na msimu wa kilimo una hatari yake: anayetumia insulini au glibenklamidi akishika jembe asubuhi bila kula, sukari humshukia shambani. Ale kwanza, na mfukoni awe na sukari iliyofungwa kwenye karatasi.

Kama una muda wa robo saa tu, itumie mara baada ya chakula cha jioni. Ongeza kazi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kukaa na kuinuka kitini mara kumi, pumzika, rudia mpaka mafungu matatu. Miezi ya Septemba na Oktoba tembea alfajiri, jua la mchana wa Tabora si la kushindana nalo. Mwenye ganzi miguuni asitembee pekupeku wala na ndala. Aliyeambiwa ana damu ndani ya jicho asinyanyue mizigo mizito mpaka daktari wa macho amruhusu.

Dawa zako na saa hizi

Metformini peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi, na ni dawa inayowasha AMPK, ingawa haipewi kwa sababu hiyo. Meza katikati ya mlo au mara baada yake, tumbo lisikusumbue sana. Ukiimeza bila chakula, kuhara kutakufanya uiache.

Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa. Humfinya kongosho atoe insulini hata kama hujala, na kazi yake huendelea hadi saa ishirini na nne, zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu. Anayeimeza jioni kisha akavuta mlo wake nyuma anaweza kushukiwa saa nane au saa tisa usiku, usingizini, akiota ndoto mbaya na kuamka shuka limelowa jasho. Kabla ya kuanza mpango huu peleka daftari lako kliniki, iwe Hospitali ya Kitete au kituo cha afya cha kata, uulize mambo mawili: dozi ya jioni ipunguzwe? Kuna dawa nyingine badala yake? Usiku tatu za mwanzo weka kengele saa tisa, upime. Wanaotumia insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku sheria ni hiyohiyo, na wasianze hadi dozi ipangwe upya. Wanaotumia empaglifulozini au dapaglifulozini wajue kwamba kukaa na njaa muda mrefu huweza kuleta asidi kwenye damu hata sukari ikiwa ya kawaida: kichefuchefu, kupumua kwa kasi, tumbo kuuma. Hapo ni hospitali.

Kabla ya kulala, mtu wa glibenklamidi au insulini akikuta chini ya 6, ale kitu kidogo, yai na kipande cha kiazi, autofajia ingoje kesho.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, au mikono ikitetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, maneno kupindana: kijiko kimoja kikubwa cha asali, au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu chupa ndogo. Subiri dakika 15 kwa saa, pima. Bado chini? Rudia. Ikipanda, kula mlo wenye wanga, maana glibenklamidi itairudisha chini. Aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni, hata asali. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali haraka, na hata akizinduka abaki akiangaliwa.

Ramadhani

Mfungo wa Tabora ni wa saa kumi na tatu na ushee, kuanzia alfajiri hadi magharibi, na haubadiliki sana mwaka hadi mwaka kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Tofauti na mpango wa saa moja hadi saa moja ni kwamba njaa inaangukia mchana, kwenye kazi na joto, na bila maji. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Kwa insulini ya mchanganyiko, kwa kawaida dozi kubwa huhamia futari, na ya daku hupunguzwa kwa robo hadi nusu. Namba yako ataipanga anayekutibu, si jirani aliyepangiwa yake.

Daku iliwe kwa kuchelewa: maharage, yai, ugali wa dona. Futuru kwa maji na tende moja, sali, kisha rudi kwenye sahani ya nusu majani. Uji wa sukari, tambi, vitumbua na viazi vya nazi vikikutana kwenye sinia moja, saa kumi na tatu za njaa zimefutwa kwa dakika ishirini. Chagua kimoja. Pima asubuhi, adhuhuri, alasiri na saa mbili baada ya kufuturu. Kujitoboa kidole hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua papo hapo hata adhana ikiwa imebakiza dakika tano.

Inapokwenda kombo

Linaloshtua wengi wiki ya kwanza: wamelala bila kula saa kumi na mbili, asubuhi sukari ni 9 ilhali jana usiku ilikuwa 7. Hawajaibiwa. Kuelekea alfajiri homoni za kuamka huliambia ini limwage sukari, na ini lililo sugu kwa insulini humwaga kupita kiasi. Endelea wiki sita; ini likipungua mafuta namba hiyo huanza kushuka. Ila kama unatumia insulini, kwanza pima saa tisa usiku kwa siku mbili tatu ujue haikushuka kisha ikarudi juu.

La pili ni kufidia. Mtu anafunga vizuri, kisha mlo wa kwanza anakula wa watu wawili. Uzito haushuki, mTOR anaamka na nguvu mpya. Dawa yake ni supu ya mboga au maharage kwanza, ugali baadaye.

La tatu, dawa kuachwa kwa sababu namba zimependeza. Zimependeza dawa ikiwemo. Kupunguza ni kazi ya kliniki, kwa daftari la angalau wiki nne.

La nne, maji kusahaulika. Kiangazi mwili ukikauka damu huwa nzito, sukari husoma juu, figo huumia. Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu.

La tano ni insulini kuharibika mtu akidhani ni mpango umeshindwa. Nyumba isiyo na friji itumie mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini panapopita upepo. Chupa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Iliyofunguliwa itupwe baada ya siku 28 hata kama imebaki nusu, kwa hiyo andika tarehe ubavuni kwa kalamu siku unayoitoboa. Iliyowahi kuganda kwenye barafu haifai tena.

Jioni, kabla taa haijazimwa, kaa kwenye kigoda na kioo kidogo sakafuni, utazame nyayo na katikati ya vidole: lengelenge, mpasuko, mwiba usiouhisi. Mguu wenye ganzi usiukande kwa maji ya moto wala kuusogeza jikoni. Maji ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaa. Na mara moja kwa mwaka uliza kliniki ikupimie albumini kwenye mkojo na ikuelekeze kwa mtaalamu wa macho, hata kama huoni povu chooni na unasoma maandishi madogo bila miwani, kwa sababu podosaiti na retina huanza kuchakaa miaka mingi kabla hazijakuambia.